Bakuli la vipande limeachia: kutafuta chanzo na kuchagua gundi

Pete ya bakuli la vipande ikiachia kwenye mashine ya kukereza haitoi taarifa. Unasikia "ta!" moja kavu, kipande kinagonga ukuta, na kilichobaki kinatikisa mashine nzima mpaka uzime swichi. Bakuli la upana wa sentimita 25 likizungushwa mara 1,200 kwa dakika, ukingo wake unakimbia mita 15 na ushee kwa sekunde, sawa na kilomita 56 kwa saa. Huo ni mwendo wa daladala barabara ikiwa nyeupe. Kwa hiyo kabla ya mengine yote, vaa kinga ya uso mzima, na unapowasha mashine usisimame mkabala na ukingo. Kaa pembeni, iache izunguke nusu dakika, ndipo usogee na patasi.

Nakereza Tanga, zaidi msaji wa mashamba ya Muheza, na mninga na mpingo ninapopata. Mabakuli yangu mengi ni ya vipande: mbao ndogo zinakatwa kwa pembe, zinaunganishwa kuwa pete, pete zinapangwa juu ya nyingine kama matofali ya nyumba, kisha zote zinakerezwa kuwa chombo kimoja. Bakuli la pete nane zenye vipande 12 kila moja lina jointi 96 za kichwa kwa kichwa, ukiacha zile za pete na pete. Jointi moja mbovu inatosha kupoteza kazi ya wiki.

"Fundi, hii gundi imechakachuliwa," kijana ninayemfundisha aliniambia siku moja, ameshika vipande vitatu vya msaji mkononi.

"Hebu lete nione."

Uso mmoja ulikuwa na utando wa gundi unaong'aa, laini kama ngozi ile ya ndani ya ganda la yai. Uso wa pili ulikuwa mbao tupu, haujashika hata tone. Nikanyanyua kichwa nikaona feni inazunguka juu ya meza aliyokuwa akigundishia. Gundi ilikuwa nzima. Ilikauka ngozi upande mmoja kabla hajaleta upande wa pili.

Ndiyo maana mtu akiniletea pete iliyofunguka simuulizi kwanza ametumia gundi gani. Namwomba vipande. Mara nyingi nilizoona mimi, kosa lilikuwa kwenye mkato, kwenye uso wa mbao au kwenye muda, na kubadilisha kopo kusingesaidia chochote. Zipo pia kesi ambazo gundi ndiyo haikufaa kabisa kwa kazi, nazo nitazitaja mahali pake.

Okota vipande usome nyuso zake

Usivitupe na usivipige msasa. Vipeleke dirishani, geuza kila uso taratibu kwenye mwanga wa ubavuni, kisha pitisha ukucha.

Ukiona nyuzi za mbao zimechanika na kubaki zimenata upande wa pili, gundi ilishinda na mbao ndiyo iliyoshindwa. Hapo tafuta chanzo kwingine: patasi ilikamata, ukuta wa bakuli ulikuwa mwembamba mno, au mbao ilivutwa na unyevu. Ukiona ngozi inayong'aa upande mmoja tu, ni muda au ni mafuta ya mti. Nyuso zote mbili zikiwa kavu, gundi imezama ndani na juu hakuna kitu, basi kichwa cha mbao kimekunywa. Gundi nene kama kioo au kama sifongo inaonyesha palikuwa na pengo. Na unga mweupe unaobanduka kwa ukucha ni alama ya baridi.

Vipande vya pete moja vinaweza kuonyesha alama mbili tofauti, kwa hiyo soma vyote, visome mpaka cha mwisho.

Mwanga unapita kwenye jointi

Hapa ndipo pete nyingi zinapoharibikia, na hesabu yake ni rahisi. Pete ya vipande 12 inataka kila kichwa kikatwe kwa digrii 15, kwa sababu 180 ukigawa kwa 12 unapata 15. Vipande 8 vinataka digrii 22.5, vipande 18 vinataka 10. Sasa pete ya vipande 12 ina mikato 24. Msumeno ukikosea sehemu moja ya kumi ya digrii, kosa ambalo jicho haliwezi kuliona kwenye kipande kimoja, mikato 24 inalijumlisha kuwa digrii 2.4. Lote linakuja kukusubiri kwenye jointi ya mwisho. Kwenye pete yenye upana wa milimita 25, jointi hiyo ikifunga ndani itaacha uwazi wa milimita moja nje.

Fundi wengi wakiuona uwazi huo wanakaza klampu. Pete inafunga, inakauka, inaonekana nzuri. Kilichotokea ni kwamba kila jointi imebaki ikivutwa, na mbao haisahau. Dalili yake unaijua: pete imekaa wiki nzima bila neno, umeikereza nje na ndani, halafu ukuta ukifika milimita tano au sita inafunguka mbele ya macho yako. Ulipunguza mbao iliyokuwa inashikilia ule mvutano.

Kabla ya kugusa gundi, panga pete ikiwa kavu, ifunge kwa mpira wa tyubu, kisha iinue mbele ya dirisha. Mwanga ukipita popote, haijawa tayari. Karatasi ya daftari ikiingia kwenye jointi, haijawa tayari.

Dawa yangu ni nusu pete. Nagundisha vipande sita upande huu na sita upande ule, na kwenye zile sehemu mbili zinazotenganisha nusu hizo naweka vijiti viwili vya mbao bila gundi, kisha nafunga mpira kuzunguka pete yote. Ikishakauka natoa vijiti. Sasa nina nusu mbili ambazo ncha zake huenda hazijanyooka sawasawa, lakini kosa lote limekusanyika mahali pawili ninapoweza kupafikia. Nalaza ncha za kila nusu juu ya msasa namba 80 uliobandikwa kwenye kioo au ubao ulionyooka, nasugua huku na huku mpaka ncha zote mbili zikae bapa, halafu ndipo naunganisha nusu na nusu. Tangu nianze kufanya hivi sijapoteza pete kwa sababu ya pengo.

Usitegemee gundi ijaze uwazi. Gundi nyeupe na ya njano za mbao, zote za jamii ya PVA, karibu nusu yake ni maji. Maji yakiondoka gundi inasinyaa, na uwazi uliodhani umeujaza unabaki na ngozi mbili na hewa katikati. Ile ya poliyurethani inayovimba inajaza kwa macho tu, maana povu lake unaweza kulivunja kwa kidole. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ndiyo pekee inayobeba uwazi mdogo kwa haki, lakini mstari wake mnene utaonekana maisha yote ya bakuli.

Kichwa cha mbao kimekunywa

Kipande cha pete kinakatwa karibu kuvuka nyuzi kabisa. Kwa hiyo uso unaoupaka gundi ni kichwa cha mbao, pale mirija ya mti iliyokuwa ikipandisha maji imebaki wazi kama mirija ya soda. Unapaka, unageuka kuchukua kipande kingine, ukirudi uso umefifia. Ukifunga hapo hapo umefunga jointi isiyo na gundi.

Paka mara mbili. Mara ya kwanza nyembamba, isugue kwa kidole iingie, subiri dakika mbili tatu, kisha paka ya pili na ufunge. Uso ukishapakwa mara ya pili lazima ubaki umelowa na kung'aa unapokutanisha. Vikutanishe, visugue mbele na nyuma kidogo huku ukibana, na utasikia wakati fulani kipande kinakataa kuteleza. Hapo kimekamata. Kiache, usikiguse tena.

Ninaona watu wanaongeza maji kwenye gundi ili "iingie vizuri". Usifanye hivyo kwenye kichwa cha mbao. Unaipeleka mbali zaidi ndani ya mirija na juu unabaki mtupu zaidi.

Uso mmoja unang'aa, wa pili mtupu: je, ni muda?

Watengenezaji wa gundi hupima muda wao kwenye chumba chenye nyuzijoto kama 21. Titebond Original, kwa mfano, inapewa dakika 4 hadi 6 za kukaa wazi, yaani tangu kupaka hadi kukutanisha. Titebond III dakika 8 hadi 10. Karakana ya bati Tanga mwezi wa Februari haina nyuzijoto 21. Ina zaidi ya 30, na feni juu. Gundi ya dakika tano inakupa mbili, labda tatu, na wewe una jointi 12 za kupaka mara mbili mbili.

Zima feni. Gundisha asubuhi mapema. Paka jozi moja moja: vipande viwili, visugue, viweke, viwili vingine, visugue, viweke. Jozi zikishika, unganisha jozi na jozi kuwa nusu pete. Ukitaka kufunga pete nzima kwa mkupuo mmoja, chukua gundi yenye muda mrefu wa kukaa wazi. Hapa ndipo aina ya gundi inapoleta tofauti ya kweli, na ndiyo sababu mimi pwani napendelea gundi inayochelewa, hata pale ambapo nguvu ya ile ya haraka ingenitosha kabisa.

Au ni mafuta ya mti?

Msaji na mpingo ni miti yenye mafuta. Ukigusa uso wa msaji uliokatwa majuzi unahisi utelezi kama wa nta. Kuna kipimo cha sekunde chache ambacho kila fundi anaweza kufanya. Dondosha tone moja la maji juu ya uso unaotaka kugundisha, kisha liangalie. Likitawanyika na kuingia, uso umefunguka. Likikaa juu limejikunja kama tone kwenye jani la mgomba, gundi nayo haitaingia.

Mafuta hayo hupanda taratibu hadi usoni, kwa hiyo uso uliokatwa leo unashika vizuri kuliko uliokatwa wiki iliyopita. Kata na ugundishe siku moja. Kama haiwezekani, pitisha msasa namba 80 au 100 mara mbili tatu, pangusa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, badilisha kitambaa mpaka kisitoke rangi, subiri dakika chache ikauke, kisha gundisha papo hapo. Ukiacha mpaka kesho umepoteza kazi uliyofanya. Angalia pia unachopangusia. Thina ya bei rahisi nyingine ina mafuta ndani yake. Dondosha kidogo kwenye kioo, iache ikauke. Ikiacha duara la utando, unapaka mafuta mahali ulipotaka kuyaondoa. Mafuta ya taa na petroli usiyakaribishe kabisa.

Kuna uso mwingine unaokataa gundi na hauna mafuta: uliounguzwa na msumeno butu. Msaji una chembechembe kama za mchanga ndani yake, na hula makali ya meno upesi. Msumeno ukianza kusugua badala ya kukata, uso unakuwa kahawia, mgumu, unang'aa kama uliopigwa pasi. Tone la maji litakwambia. Noa, au ondoa ngozi hiyo kwa msasa. Na msasa wenyewe uwe wa kukwaruza. Ukifika namba 400 umeziba matundu uliyotaka gundi iingie.

Mpingo ni mgumu zaidi. Ni mzito mpaka unazama majini, na umeshikana kiasi kwamba gundi ya maji haina pa kuingilia. Kwa utepe mwembamba wa mpingo kati ya pete mbili za mninga natumia epoksi ile ya kukauka polepole, baada ya asetoni na msasa. Sijawahi kuipenda epoksi ya dakika tano kwa jointi inayozunguka.

Mstari unaokwaruza kidole

Bakuli limekwisha, limepigwa vanishi, mteja ameshaondoka nalo. Baada ya miezi miwili anapiga simu anasema anahisi mistari. Dalili hii watu huipa jina moja lakini ni tatu tofauti, na zinataka macho na ncha ya kidole.

Kwanza, mstari mwembamba wa gundi umesimama juu ya mbao pande zote mbili. Ama gundi yenyewe imetambaa nje ya jointi, au mbao imekauka ikashuka na kuiacha gundi pale pale. Gundi ya PVA haiwi ngumu kama jiwe hata ikikauka kabisa. Inalainika kuanzia kwenye nyuzijoto thelathini na kitu. Bakuli lililoachwa ndani ya gari juani, au lililosuguliwa kwa msasa mkavu mpaka likaunguza vidole, limepita hapo zamani. Ukisugua, punguza mwendo wa mashine, tumia msasa mpya, pumzisha. Kwa chombo kitakachokaa juani au karibu na jiko, PVA ya kawaida haifai, na hapa ndipo ninapokubali kwamba kosa ni la gundi. Gundi ya unga ya urea, inayochanganywa na maji, inakauka ngumu na haitambai. Haipendi kulowekwa, na vumbi na harufu yake ni ya kujikinga kwa barakoa, kwa hiyo naitumia kwa vyombo vya mapambo tu.

Pili, kipande kimoja kimeinuka kuliko jirani yake, ngazi ndogo. Gundi haihusiki. Ulichanganya mbao zenye unyevu tofauti. Mbao iliyokaa wazi hapa pwani hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 14 au 15. Iliyoshuka jana kutoka kwa mpasua mbao inaweza kuwa na maradufu. Weka mbao zote za bakuli moja rafu moja, wiki kadhaa, kabla ya kuzikata. Na bakuli linalokwenda Ulaya kwenye nyumba yenye kipasha joto litashuka hadi asilimia 6 au 7 wakati wa baridi. Mteja wa namna hiyo namwambia mapema, na ukuta wa bakuli lake naufanya mwembamba na sawa kila mahali ili upungue kwa pamoja.

Tatu, jointi imezama, kuna mfereji mdogo. Hii inatokana na haraka. Maji ya gundi yalivimbisha mbao pande mbili za jointi, wewe ukakereza na kulainisha ikiwa bado imevimba, kisha ikakauka ikarudi chini. Klampu zinaweza kutoka baada ya nusu saa, lakini mashine isubiri saa 24. Masika mimi nasubiri siku tatu.

Pete imeachana na pete iliyo chini yake

Vichwa vyote vimeshika, ila pete nzima imebanduka kama kifuniko. Kwanza pima ubapa. Laza pete kwenye kioo, bonyeza ukingo mmoja, ikicheza, haikulala. Halafu fikiria mkazo. Kwa mbao ngumu watengenezaji wa gundi ya njano hupendekeza mkazo usiopungua kilo 12 kwa kila sentimita ya mraba. Pete ya kipenyo cha sentimita 20 na upana wa sentimita 2.5 ina eneo la sentimita za mraba 137. Zidisha, unapata zaidi ya tani moja na nusu. Klampu mbili za mkono hazifiki huko.

Mimi nilitengeneza fremu ya mbao nene za mkongo, nikaweka jeki ya gari ndani yake, ile ya chupa. Pete zinakaa kati ya vibao viwili vinene, jeki inakandamiza kutoka chini. Nakaza mpaka gundi itoke kote kama shanga ndogo ndogo, nasimama hapo. Sifikishi tani zote, kwa sababu nyuso zangu nimeshazilaza vizuri. Ukiona gundi imetoka sehemu moja tu na kwingine kukavu, usiongeze nguvu. Fungua, futa, rudi kwenye kioo na msasa.

Ufa unaoanzia kitakoni

Hii inanihuzunisha kila nikiiona, maana hutokea kwenye kazi nzuri. Pete zote zimekaa, ila bakuli limepasuka kuanzia kitako kwenda juu, wakati mwingine mwaka mmoja baadaye.

Angalia kitako. Nina hakika ni ubao mmoja mzima uliogundishwa chini ya pete. Ndani ya pete nyuzi za mbao zinazunguka na mduara, na mbao haibadiliki urefu wake, kwa hiyo kipenyo cha pete hakibadiliki karibu hata kidogo. Ubao mzima unatanuka na kusinyaa upande wa upana. Msaji ni mtulivu kuliko miti mingi, na bado ubao wake wa milimita 200 uliokatwa bapa ukipoteza unyevu wa asilimia 4 unasinyaa kama milimita moja na nusu. Pete haiufuati. Gundi nzuri zaidi duniani itang'ang'ania, na kitu kitakachoachia ni mbao.

Usitafute gundi kali zaidi. Fanya kitako kidogo, upana usiozidi sentimita saba hivi, au kichongee mfereji ndani ya pete ya chini kikae humo bila gundi, kikiwa na nafasi ya kupumua. Bakuli ambalo limeshapasuka huwa nalikata kitako chote mashineni na kuliwekea kipya cha namna hiyo.

Madoa meusi, na unga mweupe

Madoa ya bluu na nyeusi kando ya jointi ni chuma. Klipu za hosipaipu zinabana pete vizuri sana, lakini chuma kikikutana na gundi mbichi, yenye asidi kidogo, na mti wenye tanini, ule ukakasi wa magome na mbao, wino unatengenezwa hapo hapo. Weka utepe wa plastiki chini ya klipu, au achana nazo. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kuwa mkanda wa upana wa vidole viwili, ukizungushwa mara tano sita huku unauvuta, unabana pete ya vipande 12 vizuri kabisa na hauna kutu.

Unga mweupe ni tatizo la ndugu zetu wa Njombe, Makete na Limuru, Juni na Julai. PVA ina kikomo cha baridi. Titebond Original inataka nyuzijoto zisizopungua 10, na III inastahimili hadi karibu 8. Chini ya hapo chembe za gundi hazishikani, zinabaki kama chaki. Mbao yenyewe iwe na joto pia, kwa sababu gundi ya joto kwenye mbao iliyolala barazani itapoa mara moja.

Gundi ninazokaa nazo

Kwa bakuli la kawaida la mninga, mkongo au msaji uliotayarishwa vizuri, gundi ya njano au nyeupe ya mbao yenye alama ya D3 kwenye kopo inatosha. Alama hizo ni za kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 204: D1 ni ya ndani pakavu, D3 inavumilia majimaji ya mara kwa mara, D4 inavumilia zaidi. Kwa bakuli la matunda au saladi linalosuuzwa, chukua D3 au D4, au Titebond III ambayo imekubaliwa kugusana na chakula kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na umwambie mteja asililoweke kwenye beseni. Kwa mti mweusi kama mpingo au mninga uliokolea, gundi ya kahawia inaficha mstari, na ile nyeupe inayokauka wazi inapendeza kwenye mbao nyeupe.

Epoksi ya polepole naiweka kwa mpingo, kwa kuunganisha mbao na shaba au mfupa, na pale ninaporekebisha. Nayo, kumbuka joto: nyingi za kawaida zinalegea zikipita nyuzijoto 50 au 60. Poliyurethani sina haja nayo kwenye pete. Supa gluu nairuhusu kwa nyufa ndogo na kwa kushikiza kitu kwa muda. Vijana wanaipenda kwa sababu inashika ukihesabu hadi kumi, lakini inakauka kavu na kuvunjika kama kioo ikipigwa, na patasi inapiga kila mzunguko.

Gundi iliyopimwa kwenye chupa ya maji bila jina wala tarehe usiijengee pete, hata kama muuzaji ni jirani yako. Hujui imekaa miaka mingapi wala imeongezwa nini. Kopo lenye jina nalo lifungue hapo dukani ukiruhusiwa. Gundi nzima inamwagika kama maziwa mazito ya mgando uliokorogwa. Ikivutika nyuzi kama bamia, ikiwa na mabonge, au ikitoa harufu ya kuchacha, irudishe.

Kila kopo jipya linapoingia karakanani nalipima kabla halijagusa bakuli. Nakata vipande vinne vya mbao ile ile ninayotaka kutumia, kwa pembe ile ile ya digrii 15, nagundisha jozi mbili kama ninavyogundisha siku zote. Baada ya saa 24 jozi ya kwanza naibana kwenye jiriwa na kuipiga kwa nyundo ya mbao. Jozi ya pili inalala usiku kucha ndani ya glasi ya maji, asubuhi nayo inapigwa. Nikiona nyuzi zimechanika kwenye nusu ya uso au zaidi, kopo linaingia kazini. Kisha naandika tarehe kwenye kopo kwa kalamu nene, naandika tarehe hiyo hiyo kwenye vile vipande vilivyovunjika, na kuvitia kwenye boksi chini ya meza. Bakuli likirudi na kasoro baada ya mwaka, navitoa nakaa navyo dirishani, kile cha bakuli mkono huu na kile cha kopo mkono ule.